Hendeli ya Malango Mawili

Siku mume wake alipotoka na hendeli ya malango ya maji asirudi nayo, Cheche alikuwa amepiga magoti karakanani, miwani ya kuchomelea imeshuka usoni, akiunga mguu wa kitanda cha hospitali. Mto ulikuwa umeanza kunguruma tangu alfajiri. Mtaani hapakuwa na hata tone la mvua. Jua lilichoma, vumbi lilikuwa palepale. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu milimani, na maji yalikuwa yanakuja, na kila mwenye masikio aliyasikia.

"Iache hapa," alimwambia mumewe. "Nenda mikono mitupu. Wakiuliza, waambie hendeli iko kwa mke wangu, na mke wangu ana nyundo."

Mumewe alicheka. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na alicheka kwa mabega. "Na birika la mtoni likijaa, nilifungulie kwa meno?"

"Atume mtu mwingine huyo bosi wako."

"Bosi wangu yuko semina, mke wangu. Semina ya usimamizi wa maji."

Akaiweka hendeli begani kama jembe, akavaa shingoni ule utepe wake wa kupimia visima, akaondoka. Cheche alimwona akipita chini ya kamba za nguo za jirani, akainama, akapotea. Hakuinuka kumsindikiza kwa sababu kitanda kilikuwa kinasubiriwa.

Mtaani mumewe walimwita Mtabiri, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Kazi yake katika ofisi ya maji ilikuwa kukisia maji yaliyo chini ya ardhi yatakuwa wapi miezi ijayo. Kompyuta yake ilikaa mezani nyumbani, katikati ya vikombe, na ndani yake mji wote ulikuwa umechorwa kwa miraba kama daftari la hesabu. Mraba wa buluu ulikuwa na maji, mraba mwekundu ulikuwa mkavu. Aliiambia kina cha mto, mvua, na kiasi ambacho pampu za watu zilikuwa zinavuta, halafu ile miraba ikabadilika rangi mwezi baada ya mwezi. Kisha alizunguka visimani kuiumbua. Alishusha utepe wake kisimani hadi kengele ndogo iliyo mwishoni ikalia ilipogusa maji. Pale ambapo modeli ilisema uongo, alirudi nyumbani kuisahihisha.

"Modeli ni kisio tu," alizoea kumwambia Cheche. "Ila ni kisio kilichooga na kuvaa shati."

Modeli hiyo ndiyo iliyosema kwamba mji ulikuwa unakunywa kuliko ulivyokuwa unarudishiwa. Ilisema pia kwamba mafuriko ya mto, badala ya kupita mbio kwenda zake, yakitulizwa kwenye mabwawa mapana ya mchanga juu ya mji, yangezama polepole na kufika visimani kabla ya kiangazi. Basi mabwawa yakachimbwa. Mfereji ulichepuka kutoka mtoni, ukaingia kwenye birika kubwa la saruji, na birika hilo lilikuwa na malango mawili ya chuma. Lango la kwanza lilifungukia mabwawa ya mchanga. La pili liliyarudisha maji mtoni. Cheche ndiye aliyeyatengeneza yote mawili, yeye na mashine yake ya kuchomelea, na kwa ombi la mumewe alitengeneza hendeli moja tu. Ilikuwa bomba zito la urefu wa mkono, lenye nati kubwa ya pembe sita iliyochomelewa mwishoni. Ilichomekwa kwenye lango hili au lile, haikuweza kuwa kwenye yote.

"Malango yote yakifunguka kwa pamoja, tope litaingia mchangani," mumewe alisema. "Hendeli moja, uamuzi mmoja."

Adui wao alikuwa tope. Mafuriko ya kwanza ya mwaka hushuka na udongo wa milima mizima. Ukiyaingiza mchangani, udongo ule mwembamba unatanda juu kama unga kwenye chekecheo, na baada ya hapo hata maji safi hayapenyi. Kwa hiyo ya kwanza yaachwe yapite, ya pili yachukuliwe. Alikuwa na kipimo chake cha kuamua. Alichota maji ya mto kwenye glasi, akaweka kidole nyuma yake. Ukikiona kidole, fungua. Usipokiona, acha yapite.

Jambo hilo alilieleza mkutanoni, kwenye ukumbi wa shule, na chekecheo la chai mkononi. Alimimina maji safi yakapita, akamimina ya tope, kisha akamimina tena maji safi na yote yakabaki juu yakimetameta. Watu waliona. Hakuna aliyeweza kusema hakuona. Lakini mwaka ule watu walikuwa wamekauka hadi kwenye roho. Visima vya mtaa wa juu vilikuwa vinatoa matope tangu miezi mingi. Kwenye kisima kirefu cha sokoni, kilichobaki peke yake, mwanamke alikuwa amepigwa na dumu usoni akatema meno kwenye ndoo yake mwenyewe, na hakuyamwaga yale maji. Mchuuzi wa maji alichomwa tumboni kwa spoku ya baiskeli. Foleni ilipanda juu ya damu yake ikaendelea.

Aliyesimama kuuliza swali mkutanoni alikuwa kaka yake Cheche, mkubwa wake, mfyatua matofali. Kila mtu alimwita Tofali. Tanuri lake lilikuwa limezimwa kwa kukosa maji na vibarua wake walikuwa wamemkimbia.

"Shemeji," alisema, "na hayo mafuriko ya pili yasipokuja?"

Mtabiri angeweza kudanganya na watu wakaenda kulala.

"Miaka mingi huja," alijibu. "Yasipokuja, nitakuwa nimekosea."

"Sawa. Wewe utakuwa umekosea," Tofali akasema. "Sisi tutakuwa tumekufa."

Watu walicheka, kicheko kile cha kuonyesha meno tu.

Jirani yake Cheche, muuza mkaa, ndiye aliyekuja mbio siku ile mumewe alipotoka na hendeli. Hakubisha. Aliingia karakanani akiwa na kandambili mguu mmoja.

"Cheche! Wanampiga! Wanampiga mumeo!"

Cheche alivua miwani, akachukua nyundo, akakimbia. Njia ya birika ilikuwa ya kupanda, na kadiri alivyopanda ndivyo mngurumo wa mto ulivyozidi hadi hakuweza kusikia pumzi zake. Baadaye alikuja kuelezwa jinsi ilivyoanza. Watu walikuwa wamepanda na ndoo, wakamkuta Mtabiri juu ya ukuta wa birika. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, mekundu kama damu ya ng'ombe, na ukuta ulikuwa unatetemeka. Kama asingefungua, ungepasuka na kushukia nyumba za bondeni. Basi akachomeka hendeli kwenye lango la pili, akazungusha. Wenye ndoo waliona kitu kimoja tu: maji yao, waliyoyaota mwaka mzima, yanamwagwa kurudi mtoni, na anayeyamwaga ni mtu wa ofisi ya maji.

"Anayamwaga!" mtu mmoja alipiga kelele. Hilo likatosha.

Alipofika, Cheche aliona migongo. Migongo ya watu aliowatengenezea milango na madirisha. Alimpiga wa kwanza kwa nyundo kwenye bega, akasikia mfupa ukilia. Wa pili akageuka na kiwiko kikampata puani, damu ikamjaa mdomoni. Alipita chini ya miguu yao kama anayepita chini ya kitanda. Alimwona mumewe. Alikuwa amepiga magoti juu ya ukuta, mikono yote miwili imekumbatia chuma cha lango la pili, shati limechanika mgongoni, na mwanamume mmoja alikuwa anamkanyaga vidole kwa kisigino, kimoja baada ya kingine, kama anayeua siafu. Mumewe alikuwa anasema kitu. Alikuwa anasema lile lile neno la mkutanoni: "Tope. Ni tope. Ni tope."

Kisha hendeli ikainuka juu ya vichwa vya watu. Cheche aliiona vizuri, nati yake iking'aa kwenye jua. Hakuona mkono ulioishika. Ikashuka. Ikainuka tena, ikashuka.

Mumewe aliachia chuma akaangukia ndani ya birika bila kelele.

"Ametumbukia!" Cheche alipiga yowe. "Mtoeni! Mtoeni jamani, ametumbukia!"

Hakuna aliyemsikia, au wote walimsikia. Lango la pili lilifungwa. Halafu akamwona kaka yake, Tofali, akiwa ameinama juu ya lango la kwanza, lile la mchanga, anazungusha hendeli kwa nguvu za mtu aliyekanyaga udongo maisha yake yote. Lango alilolitengeneza Cheche kwa mikono yake mwenyewe likapanda laini, bila hata kulia, kwa sababu alikuwa amelipaka grisi. Maji yakapita chini yake yakinguruma, yakaingia bwawani. Na mumewe akapita nayo.

Watu walishangilia. Walirusha ndoo juu. Wengine walivua mashati wakayapunga. Cheche alikimbia ukingoni mwa bwawa, akaingia hadi kiunoni, akaangushwa, akaingia tena. Muuza mkaa alimvuta kwa nywele akamtoa.

Kabla ya jua kutua kelele za furaha zilikuwa zimekwisha. Bwawa lililopangwa kuyanywa maji yake yote kwa siku mbili lilikaa vile vile, limejaa hadi ukingoni. Kesho yake pia. Watu walikuja kuchungulia mmoja mmoja, wakachomeka fimbo, wakaangalia alama, wakaondoka bila kuagana. Cheche alikaa ukingoni na kanga ya jirani mabegani, damu imemkauka mdomoni. Vijana walitafuta kwa miti mirefu. Maji yalikuwa mazito hata mti ukiuzamisha kidogo tu huuoni.

Siku ya tatu mumewe aliibuka mwenyewe.

Mochwari walikuwa wamemlaza juu ya meza ya bati iliyopinda. Cheche aliiona meza kwanza, akaona mahali ambapo kiungo chake kilikuwa kimeachia, kazi mbaya ya mtu mwenye haraka. Kisha akamwangalia mumewe. Vidole vyake vilikuwa vimevunjika vyote. Juu ya sikio la kushoto kulikuwa na shimo, na shimo lile halikuwa la mviringo. Lilikuwa na pembe. Cheche aliweka kidole chake pale akazihesabu kwa kugusa, ingawa hakuhitaji kuhesabu. Nati ile aliichagua yeye.

Polisi waliwakamata watu, Tofali akiwa miongoni mwao, wakawaweka ndani, wakawaachia. Hapakuwa na shahidi. Umati mzima ulikuwepo, na umati mzima, kwa maelezo yao, ulikuwa unaangalia mto. Hendeli ilichukuliwa kama kielelezo, ikafungwa kipande cha karatasi, ikapelekwa stoo ya kituo. Tangu siku hiyo malango yote mawili yalibaki bila kitu cha kuyafungulia.

Alimzika. Watu walikuja mazikoni. Waliomkanyaga vidole walikuja, wakamwaga udongo, wakampa pole mjane. Aliwajibu wote: "Nimeshapoa."

Alipomaliza kupokea pole, alichukua nyundo ile ile akaenda kwa kaka yake.

Tofali alikuwa amekaa kwenye rundo la matofali mabichi yaliyopasuka. Mama yao alikuwa hapo pia, amemletea chakula. Mama yao alikuwa mzee mfupi mwenye sauti kubwa, lakini tangu msiba sauti ile ilikuwa imeingia ndani.

"Ulikuwa umeishika wewe," Cheche alisema.

"Mdogo wangu, kaa kwanza."

"Nimekuuliza."

"Hujauliza. Umesema."

"Basi nauliza. Nani alikuwa ameishika?"

Tofali alitazama tanuri lake. Alikuwa mtu mkubwa, na ukubwa wake wote ulionekana kama mzigo aliopewa ashike kidogo. "Nilimpokonya," alisema. "Nilitaka kufungua tu. Yeye aliing'ang'ania. Nikaivuta. Akang'ang'ania. Watu wanapiga kelele, fungua, fungua..."

"Mara ngapi?"

"Nini?"

"Ulimpiga mara ngapi? Mimi niliona mbili."

Kaka yake akaitazama nyundo. "Mbili," akasema.

Cheche alimshika mkono wa kulia, ule uliozungusha hendeli, akaulaza juu ya matofali kama anavyolaza chuma juu ya fuawe. Tofali angeweza kumtupa mbali kwa mkono wake mwingine. Hakumtupa. Nyundo ikashuka chini kidogo ya kiwiko, na mfupa ukavunjika kwa mlio mkavu, kama ukuni. Akainua tena.

"Mkwe nimezika!" mama yao alipiga kelele, sauti yake yote imerudi. "Mkwe nimezika juzi! Unataka nimzike na huyu? Haya, piga! Piga, halafu unipige na mimi, unizike ukamalize kazi!"

Cheche aliiangusha nyundo. Majirani walikuwa wamejaa uani, na hakuna aliyeingilia. Mmoja alisikika akisema kwa chini, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime." Hakujua kwamba neno lake lilikuwa karibu kutimia.

Tofali hakumshitaki dada yake. Hospitali alisema ameangukiwa na tanuri.

Wiki iliyofuata mfanyakazi mwenza wa marehemu kutoka ofisini, mhandisi, mwanamke mwenye miwani minene, alikuja nyumbani. Aliifungua kompyuta ile pale mezani, katikati ya vikombe vile vile, na hakuketi kwenye kiti cha marehemu.

"Nimeiendesha modeli na tope likiwa bwawani," alisema. "Angalia."

Miezi ilipita kwenye kioo na mji ukawa mwekundu mraba baada ya mraba, kama karatasi inayoshika moto kutoka pembeni.

"Na hii ni tope likikwanguliwa kabla ya mafuriko ya pili." Buluu ilianza kwenye mabwawa, ikashuka polepole kuelekea mjini, ikapita chini ya shule, chini ya soko. "Bwawa tutalitoboa maji yatoke. Lakini kukwangua, mashine haiwezi, itashindilia mchanga. Ni kwa majembe, kwa mikono. Na tutahitaji hendeli. Ofisi ikiagiza itafika mwakani."

Cheche aliendelea kutazama kioo. Mji wote ulikuwa wa buluu isipokuwa kona moja ya mtaa wa juu.

"Pale kwa nini pekundu?"

"Pale chini pana udongo mzito wa mfinyanzi. Maji hayapiti hata tufanye nini. Nimeona kwenye kazi zake za nyuma, tangu mwanzo huo mraba haujawahi kugeuka. Alikuwa ameandika pembeni kwamba pavutiwe bomba."

Cheche hakuhitaji kuambiwa ni pa nani. Udongo mzito wa mfinyanzi ndio unaofaa matofali.

Habari kwamba bila Cheche hakuna hendeli ilienea upesi kuliko moshi. Asubuhi moja watu walijaa mbele ya karakana, wengi wao walewale. Mwenyekiti wa mtaa alitangulia na maneno matamu.

"Mama, yaliyopita si ndwele. Maji ndiyo uhai. Tutengenezee tu, tutakushukuru."

"Kwangueni kwanza," Cheche alisema. "Nikiuona mchanga, nitatengeneza."

"Kazi ile ni ya ofisi!" mtu alisema kutoka nyuma. Alikuwa ni yule wa kisigino. Cheche alikijua kiatu chake. "Usituchezee wewe mwanamke. Lango lile tutalivunja kwa nondo, na wewe tutakuvunja nalo, umfuate huyo mganga wako wa kompyuta."

Akapiga hatua, akavuka kizingiti. Cheche aliwasha grenda. Diski ilianza kuzunguka kwa ule mlio unaoingia kwenye meno, na Cheche akaipitisha kwenye bomba lililokuwa mbele yake, cheche zikamrukia yule mtu kifuani na usoni. Alipiga kelele akarudi nyuma, shati lake linafuka moshi. Cheche alimfuata na grenda hadi nje, diski ikiwa shubiri moja kutoka kooni mwake, hadi mgongo wake ukagusa ukuta wa jirani.

"Sema tena," alisema. "Sisikii vizuri. Mashine ina kelele."

Yule mtu alikuwa amejikojolea, na kila mtu aliona.

"Majembe," Cheche akawaambia wengine, akazima mashine.

Wakaenda. Bwawa lilikuwa limeshatobolewa maji yakatoka, nao wakakwangua kuanzia chini ya ukuta kuelekea kati. Tope lilikuwa limekauka juu, limepasukapasuka kama sahani, na chini yake lilikuwa bado bichi na linanuka. Hata huko walipigana. Mtu na ndugu yake walichapana kwa mipini ya majembe juu ya nani kamwagia mwenzake tope, na mwanamke mmoja alimng'ata mwanamume sikio. Lakini waliendelea kukwangua. Tofali alikuja siku ya pili, mkono wa kulia umefungwa kifuani, jembe katika mkono wa kushoto. Hakuna aliyemwambia njoo na hakuna aliyemwambia ondoka.

Ndiye aliyeupata utepe. Ulikuwa umezama kwenye tope karibu na lango, na kengele yake ndogo. Aliufuta kwa shati lake, akapanda ukutani alipokuwa amesimama Cheche, akamnyooshea. Cheche hakuupokea. Tofali akaulaza juu ya saruji.

"Kisima chako hakitapata maji," Cheche alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ya nyundo. "Hata tope lingekuwa halipo. Hata ungefungua siku gani. Chini yako ni udongo wa mfinyanzi. Alijua tangu mwanzo. Alikuwa anakutafutia bomba."

Tofali alisimama. Aliangalia chini, upande wa mtaa wa juu, ambako tanuri lake lilionekana, dogo kama kopo. Kisha akaketi pale pale ukutani, mahali alipopigwa shemeji yake. Aliinamisha kichwa akaanza kukigonga kwenye saruji. Hakugonga kwa nguvu. Aligonga kama mtu anayebisha hodi, na hakuacha hadi mama yao alipokuja akaweka kiganja kati ya paji la uso na ukuta.

Cheche alichomelea hendeli mpya jioni ile, mchanga ulipoanza kuonekana. Alitengeneza mbili. Ya lango la pili, la kurudishia maji mtoni, aliichomelea palepale langoni isitoke, ili anayetaka kuokoa ukuta asilazimike kubeba kitu chochote kinachoweza kupokonywa. Ya lango la mchanga aliiacha itoke. Mwishoni hakuweka nati; aliliponda bomba lenyewe lipate kushika langoni. Aliizungushia kipande cha mpira wa tairi.

Mafuriko ya pili yalikuja, madogo kuliko ilivyotarajiwa. Cheche mwenyewe alichota glasi. Kidole kilionekana, kwa mbali, kama kilicho nyuma ya pazia. Akafungua. Maji yalitanda juu ya mchanga, na ukitega sikio ulisikia mchanga ukiyameza. Siku mbili baadaye bwawa lilikuwa limekauka.

Visima vya karibu na shule vilipanda kabla ya kiangazi, pale modeli iliposema. Vya sokoni vilichelewa. Vingine havikufika nusu ya alichokisia marehemu, na mhandisi aliirudia kazi upya. Kisima cha Tofali hakikupanda. Huchota maji kwenye kisima cha dada yake, ndoo mbili kila asubuhi, kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia uliunga vibaya. Hawasalimiani. Geti la Cheche haliwi na kufuli saa hiyo.

Hendeli ya lango la mchanga inakaa kwa mama yao, chini ya kitanda. Mto ukianza kunguruma, watu humpelekea glasi ya maji, huyu na yule, wengine wakilia, wengine wakimtukana kizee cha watu. Yeye huketi mlangoni, akaweka kidole nyuma ya glasi, akatazama. Mafuriko ya kwanza ya mwaka huu yamepita jana. Kidole hakikuonekana, na hendeli haikutoka.